Siku Isiyo na Wenyewe

Kazi yangu ni kuandika wanayosema wengine, na nimeifanya miaka kumi na tisa bila kuongeza chumvi. Mbunge akikohoa, siandiki. Akitukana, naandika, halafu nasubiri kuona kama ataambiwa afute kauli. Watu wakipiga makofi naweka neno "Makofi" kwenye mabano. Wakicheka naweka "Kicheko". Kipaza sauti kikikatika naweka "Hakusikika". Hayo matatu ndiyo maneno yangu mimi, na mengine yote ni ya watu.

Kwa hiyo nilipokuja kuharibu, sikuharibu kwa bahati mbaya. Niliharibu kwa makusudi, tena kwa baba yangu mzazi.

Mwaka ule Bunge lilikuwa na muswada wa kuongeza siku ya mapumziko ya kitaifa, ya kukumbuka kukomeshwa kwa utumwa. Kamati ikazungushwa mji hadi mji kukusanya maoni ya wananchi, na mimi nikapangwa kuwa mwandishi wake. Ilipofika zamu ya mji wetu, kikao kikawekwa kwenye ukumbi wa shule ya ufundi, hatua mia mbili kutoka nyumbani kwetu. Nilikaa kwenye kimeza changu chini ya jukwaa, nikavaa visikilizio, nikakunja mikono ya blauzi, na wananchi wakaanza kumwaga maoni.

Mwenye kiwanda cha magodoro alisema mapumziko yamezidi, na kwamba mashine zake hazijui kusherehekea. Mwalimu mmoja akasema wanafunzi wake wanasoma utumwa kwa aya mbili, tena aya zenyewe hazitoki kwenye mtihani. Binti mwenye saluni akauliza kama sheria itamlazimu kufunga, maana siku za mapumziko ndizo siku zake za kusuka. (Kicheko.) Kisha wakaingia kwenye tarehe. Wengine walitaka siku ile tangazo la kukomesha utumwa lilipotiwa saini, wengine siku liliposomwa hadharani, wengine mwezi mwingine kabisa ili lisigongane na mitihani. Walibishana karibu saa nzima, kama ndugu wanaopanga tarehe ya harusi na bwana harusi mwenyewe hajaulizwa.

Mimi hapo chini damu ilikuwa inachemka. Kwa muda wa saa mbili na nusu watu wanazungumza kuhusu watumwa, na wote wanasema "wale watu", "hao wenzetu", "waliopatwa na yale". Ukiwasikiliza utadhani watumwa wote walikufa bila kuzaa, na sisi tuliobaki ni wajukuu wa waliojua kukimbia.

Nadhani hata Mwenyekiti aliliona hilo. Alikuwa mama wa makamo aliyewahi kuwa hakimu, asiyependa maneno mengi. Alivua miwani, akauangalia ukumbi mzima, akauliza, "Je, humu ndani yupo yeyote ambaye babu yake, au bibi yake, alikuwa mtumwa? Ningependa kumsikia huyo kwanza."

Watu zaidi ya mia mbili walikuwemo. Hakuna aliyenyanyua mkono. Nikageuka, jambo ambalo mwandishi hatakiwi kufanya, nikamtazama baba kwenye safu ya tatu.

Baba alikuwa fundi saa. Mjini walimwita Bwana Dakika, kwa sababu ukimwambia njoo saa nne, saa nne kasoro moja yuko mlangoni kwako anasubiri hiyo moja iishe. Kando yake alikaa mjomba, kaka mkubwa wa marehemu mama, kofia yake magotini. Hao wawili walikuwa mashemeji wa miaka arobaini, hawaachani msibani wala harusini.

Mimi nilijua alichokuwa anakijua baba. Shangazi yangu, dada yake, aliniambia mwaka nilioanza kazi, akiwa ananisuka, ili nisipate pa kukimbilia. Kwetu siku zote tuliambiwa kwamba bibi yao alifika mjini hapa na msafara wa biashara, binti wa wafanyabiashara kutoka mbali. Shangazi akanivuta nywele na kusema, "Bibi yetu hakuja na biashara, mwanangu. Yeye ndiye aliyekuwa biashara." Alinunuliwa akiwa mtoto wa miaka minane hivi, akatumika kwenye nyumba kubwa ya mjini hadi alipokuwa mama mtu mzima. Nilipouliza kwa nini tunafichwa, shangazi alinijibu kwamba ni kwa sababu ya ukweni kwa baba.

Na huko ukweni palikuwa na jambo moja tu la kuogopa, lakini lilitosha. Ukoo wa mama una makaburi yake, yamezungushiwa ukuta uliopakwa chokaa, na funguo ya geti anayo mjomba. Mama amelazwa humo, na kando yake imeachwa nafasi ya baba. Kila Jumamosi baba alikwenda na kigoda chake, akakiweka juu ya nafasi hiyo, akakaa na mkewe kama alivyozoea kukaa naye barazani. Aliniambia mara moja kwamba hana haraka ya kufa, lakini hana wasiwasi pia, kwa kuwa anajua atakapolala. Sasa mjomba ni mtu mwema kwa mengi, ila kwa ukoo ni chuma. Mume wa mpwa wake mmoja alikatazwa kuzikwa humo kwa fununu tu kwamba kwao walikuwa watu wa kununuliwa. Maiti ilikuwa imeshafika getini.

Basi baba akanyanyua mkono. Nikajua sasa atasema. Akasogea kwenye kipaza sauti, akakishusha kidogo, kisha akazungumza kwa ile sauti yake ya kupimapima.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, sisi kwetu tulifika hapa kwa biashara, kwa hiyo naweza kulisema hili bila upendeleo. Kila siku ya mapumziko ina wenyewe. Siku ya wafanyakazi ina wafanyakazi. Hii mnayotaka kuileta haina wenyewe. Umeuliza sasa hivi, hakuna hata mkono mmoja. Tusifukue watu waliokwisha kupumzika ili sisi tupumzike."

Ukumbi ulilipuka. Mjomba alipiga makofi hadi kofia ikaanguka. Nikaandika "Makofi". Sikuwa nimeumia hivyo tangu mama afariki.

Asubuhi iliyofuata nilikaa kuandaa rasimu. Utaratibu wetu ni kwamba kila aliyetoa maoni anasoma kurasa zake na kuzitia saini kabla hazijapelekwa Bungeni. Haruhusiwi kubadili alichosema. Anaruhusiwa mambo mawili: kusahihisha pale tulipokosea, na kujaza kwa mkono wake pale palipoandikwa "Hakusikika". Nilipofika kwenye ile sentensi ya baba ya kufika kwa biashara, nilisimama. Nikaenda kunywa maji, nikarudi. Kisha nikaifuta sentensi yote, nikaandika "Hakusikika".

Miaka kumi na tisa sijawahi. Nilijiambia kwamba sijadanganya, nimemwachia mzee mlango. Kila mwongo ana la kujiambia.

Mchana nikaenda nyumbani na kurasa zake. Baba alikuwa mezani pake sebuleni, kitambaa cheusi kimetandikwa, saa ya mtu imefunguliwa tumbo. Ukutani zimetundikwa saa kumi na moja, zinagonga zote zikikubaliana. Alisukuma kazi pembeni, akabana lenzi jichoni kama anayekagua magurudumu ya saa ya mkono, akasoma mstari kwa mstari. Alipofika pale akaweka kidole.

"Kipaza sauti kilikuwa kizima," alisema.

"Hakikusikika vizuri, Baba."

"Mimi nilijisikia mwenyewe kwenye spika. Mjomba wako alisikia. Yule wa magodoro kanipongeza kwa maneno hayo hayo." Akavua lenzi. "Nani alikuambia?"

"Shangazi."

"Ee." Akapangusa lenzi kwa pindo la shati muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Dada yangu alikuwa na mdomo. Mungu amrehemu."

Nilikuwa nimejipanga kusema kwa upole, upole ukanishinda. "Baba, mama wa watu ameuliza mbele ya umma mzima, na wewe ndiye uliyekuwa na jibu. Umesimama ukasema siku haina wenyewe! Umemkana bibi yako aliyekulea, ukapigiwa makofi. Mimi nimeyaandika hayo makofi kwa mkono wangu."

Baba hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Unataka nijaze hapa nini?"

"Ukweli."

"Sikuusema ukweli." Akachukua kalamu, na kwa ule mwandiko wake mdogo ulionyooka akajaza pale wazi: sisi kwetu tulifika hapa kwa biashara, kwa hiyo naweza kulisema hili bila upendeleo. Neno kwa neno. Akatia saini, akaandika tarehe, na, kwa kuwa ni yeye, akaandika na saa. "Nilisema uongo, lakini nilisema. Ubaki ulipo. Wewe mwanangu una kazi ya maana sana, usiichezee kwa ajili yangu. Kumbukumbu ikianza kuwaonea watu huruma, nani ataiamini?"

Niliona aibu, nikaona na hasira, na sikujua ipi niitangulize. Nikakusanya karatasi. Nilikuwa nimefika mlangoni aliponiuliza, "Kamati inaondoka lini?"

"Kesho. Kuna kikao cha mwisho mchana, cha waliokosa nafasi."

"Niandikishe."

Hapo ndipo nilipoogopa. Nilikuwa nimeutaka ukweli kama mtu anayeomba mvua akiwa ndani kwake, sasa naona paa linavuja upande wa kitanda cha baba. Nikarudi nikakaa. Nikaanza kumsihi mimi mwenyewe. Nikamwambia maoni yanaweza kutumwa kwa barua, na jina likafichwa. Nikamwambia mjomba hatasahau. Nikamwambia, "Na mama je? Utamwacha peke yake mle ndani?"

Saa mojawapo ya ukutani ilikuwa imetangulia kidogo. Akainuka akairudisha nyuma, akabaki amesimama kunipa mgongo.

"Mama yako nilimwambia kabla ya posa," alisema. "Nilimwambia yote, nikamwambia ana ruhusa ya kunikataa. Kisha akasema, 'Mimi nimesikia. Kaka asisikie.'"

"Halafu?"

"Halafu akaniuliza kama nimekula."

Nilicheka na machozi yakanitoka pamoja. Ndivyo alivyokuwa mama yangu. Baba naye akacheka kidogo, akapenga kamasi.

"Nitapita kwa shemeji asubuhi," alisema. "Asije akayasikia ukumbini kama mgeni."

Sikumsindikiza. Aliondoka saa mbili kamili, na saa mbili na dakika ishirini alikuwa amerudi, na kwa mjomba ni mwendo wa dakika nane. Nilimuuliza wamezungumza nini. Alijibu, "Hakunikaribisha kuketi," akaingia chumbani kupiga pasi shati.

Mchana ukumbi ulikuwa nusu. Mjomba alikuja, lakini hakukaa; alisimama nyuma kabisa, karibu na mlango, kofia kichwani. Mwenyekiti alimtambua baba, akamwambia, "Mzee, wewe tulishakusikia juzi."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Nimekuja kwa sababu mlinisikia." Akakishusha kipaza sauti. "Juzi nilisema kwetu tulifika kwa biashara. Nilisema uongo. Bibi yangu alinunuliwa akiwa mtoto, hapa hapa mjini. Nilisema siku hii haina wenyewe. Mwenyewe ni mimi."

Nikaandika. Sikukosa hata koma.

"Mnabishana tarehe," aliendelea. "Bibi alinisimulia kwamba tangazo lilipotoka, hakuna aliyemwambia. Mwenye nyumba alisoma, akakunja karatasi. Bibi alikaa miaka mitatu mingine akichota maji na kuosha miguu ya watu, na yeye ni huru, hajui. Siku moja alikuwa kisimani, mwanamke asiyemjua akamuuliza, 'Wewe bado uko kule kwa nini?' Akaweka ndoo chini. Ndoo ilikuwa ya mwenye nyumba, ndiyo maana aliiweka chini, akaondoka. Alikuwa hata hajui siku hiyo ilikuwa tarehe ngapi. Mimi nimetengeneza saa maisha yangu yote, nimejaribu kuitafuta hiyo siku, sijaipata. Kwa hiyo chagueni tarehe mnayoitaka. Kwetu itakuwa si yenyewe, lakini tutaipokea."

"Kwa hiyo mzee unaunga mkono muswada?" Mwenyekiti aliuliza, kwa sababu fomu inataka jibu.

"Naunga mkono. Ila msituwekee gwaride. Mtu aliyechelewa miaka mitatu hahitaji kusimamishwa juani tena."

Hakuna aliyepiga makofi wala kucheka, kwa hiyo sikuandika kitu. Baba aliporudi kukaa, yule binti wa saluni alihama kiti chake akaja kukaa kando yake. Alimwambia kitu kwa sauti ya chini, na baba akaitikia kwa kichwa kwamba amesikia. Mimi nilipangusa uso kwa mkono wa blauzi, nikaendelea na aliyefuata, bwana mmoja aliyetaka siku hiyo iwe Ijumaa ili wikiendi iwe ndefu.

Kikao kilipokwisha mjomba alikuwa anatusubiri nje ya geti la shule. Nilimjua mjomba tangu napanda mgongoni kwake. Siku ile alikuwa na uso wa mtu aliyefiwa, na nadhani kwa upande wake alikuwa amefiwa kweli.

"Fundi," alisema. Miaka arobaini alimwita shemeji. "Pale mahali nimempangia mtu mwingine."

"Nimesikia," alisema baba.

"Umenidanganya maisha mazima. Mimi ningeweza kumeza. Lakini dada yangu! Dada yangu aliingia kaburini hajui alikuwa ameolewa na nani."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nayo sentensi nzima tayari, kwamba dada yako alijua kabla yetu sote, na ni yeye aliyekuficha. Baba akanishika kifundo cha mkono akakibana, kwa vidole vile vinavyoshika skrubu ndogo kuliko punje ya mchele.

"Ndiyo," alimwambia mjomba. "Nilimdanganya. Nisamehe."

Mjomba akaondoka. Tukasimama pale mpaka alipokata kona. Nilimuuliza baba kwa nini, na nilimuuliza kwa ukali, watu wakageuka. Alisema mjomba alikuwa na dada mmoja tu, na sasa hana, mwache abaki naye alivyomjua. Sikukubaliana naye siku ile. Mpaka leo kuna siku sikubaliani naye.

Muswada ulijadiliwa Bungeni siku mbili na nusu. Mimi ndiye niliyeandika siku ya pili. Wabunge walimnukuu baba mara tatu, wawili wakimwita "mzee mmoja shujaa", na wa tatu akamtumia kupinga muswada kwa maneno yake ya kikao cha kwanza, yale yaliyojazwa kwa mkono wake. Mwisho ukapita. Tarehe waliyochagua ni ile tangazo lilipotiwa saini.

Baba hakuiona siku yenyewe. Alifariki wiki sita kabla, mchana, kwa kifua kilichomshika muda mfupi. Mjomba alikuja msibani, akakaa mbali na jamaa, akala chakula cha msiba, hakusema neno la geti la makaburi. Nasi hatukumuuliza. Tulimzika baba kwenye makaburi ya umma, upande wa pili wa mji, mstari wa kumi na nne.

Siku ya kwanza ya mapumziko redio ilikuwa na hotuba tangu alfajiri. Kiwanda cha magodoro kilifungwa. Saluni ilikuwa wazi, na foleni ilifika barabarani. Siku za kazi nikipata nafasi ya kuzuru kaburi naweza kwenda kwa mzazi mmoja tu, kwa jinsi walivyo mbali mmoja na mwenzake. Siku ile nilikuwa na kutwa nzima, nikasema nianze kwa mama.

Mjomba alinifungulia geti yeye mwenyewe. Amezeeka. Alisema, "Karibu, mwanangu," akabaki nje. Nilifagia kwa mama, nikang'oa majani. Nikatazama kando yake. Palikuwa patupu. Hakuna aliyezikwa pale, wala hapakuwa na alama ya kupangiwa mtu. Majani yalikuwa yamekatwa sawasawa, upande huo na upande wa mama, kwa mkono mmoja, na funguo ya geti anayo mmoja tu.

Nilipotoka tuliangaliana na mjomba. Alitazama chini kabla yangu. Nikamuaga, nikaukata mji kwa miguu.

Nilifika kwa baba saa tisa kasorobo. Nilikaa chini, nikamweleza yote kwa mpangilio, kama ambavyo angependa: nani alihutubia, kwamba gwaride halikuwepo, kwamba mwalimu yule aliwaleta wanafunzi wake kisimani wakakaa kimya dakika tatu, moja kwa kila mwaka. Nikamwambia mama hajambo, nimemfagilia. Nikamwambia na habari za saluni, nikacheka peke yangu. Ila habari ya pale patupu kando ya mama, ile sikumwambia.